Saa ya Kugeuka: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Njia ya Magengeni, Kisiwani Hoy

Waheshimiwa mnaosimamia njia, ardhi, ndege na boti za Hoy,

Nawasalimu kutoka ng'ambo ya maji, Stromness, ambako nikitoka zamu ya usiku huviona vilima vyenu, mawingu yakiridhia. Mimi ni mhudumu wa wazee. Nimezaliwa pwani ya Afrika Mashariki, na huu ni mwaka wangu wa sita katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland. Siku zangu nyingi za mapumziko zimeishia kwenye njia moja: ile inayopanda kutoka Rackwick, ikapita juu ya magenge, mpaka mbele ya Old Man of Hoy, nguzo ya mawe iliyosimama baharini. Humu nitamwita Mzee, kama ninavyomwita nikiwa peke yangu naye.

Nakala ya Kiingereza mmeshaipata. Hii nimeiandika kwa Kiswahili na kuiacha wazi kwa sababu wenzangu wa lugha hii nawakuta njiani: wanafunzi wa Aberdeen na Glasgow, wauguzi, jamaa waliokuja kutembelea jamaa. Hao huniuliza mimi kabla ya kuwauliza nyinyi. Tena habari za upepo nikizisema kwa lugha niliyojifunzia upepo, sibakizi kitu.

Ombi langu ni hili: msijenge uzio ukingoni, wekeni ubao gatini. Ubao wa chaki, wa kuandikwa na kufutwa kila asubuhi. Sababu nilizijua kwanza kwa mwili wangu, basi niruhusuni nianze na siku hiyo.

Ilikuwa Mei, miaka miwili iliyopita. Nilikuwa na wageni wawili, binamu yangu na mkewe. Mahali fulani safarini walikuwa wamepewa karatasi ya watalii iliyosema kwamba kwenda kwa Mzee na kurudi ni kilomita 9, kiasi cha saa tatu. Wifi alipoisoma kwa sauti, binamu akamuuliza, "Saa tatu za asubuhi au za usiku?" Tukacheka sana, maana utani wa saa ya Kiswahili hauchuji. Swali lililotakiwa kuulizwa hakuna aliyeliuliza, hata mimi mwenyeji: saa tatu kuanzia wapi?

Zinahesabiwa kuanzia Rackwick. Boti ya abiria kutoka Stromness haishushi mtu Rackwick. Inamshusha Moaness, upande mwingine wa kisiwa, na kutoka hapo kuna kama kilomita 7 za kupita bondeni, kati ya vilima vya Ward Hill na Cuilags, kabla hujaiona hata nyumba ya kwanza ya Rackwick. Mara nyingine lipo gari dogo linaloipokea boti. Siku hiyo lilijaa, tukaliona likiondoka. Basi zile kilomita 9 zikawa 23, na saa tatu zikawa saba na ushei, bila kuhesabu kula, kupiga picha, wala kumkimbia ndege.

Ndege huyo ni skua mkubwa, ambaye wenyeji wanamwita bonxie. Ni wa rangi ya kahawia, kifua kama cha bata, na hana adabu. Ukikikaribia kiota chake anakujia kwa usawa wa macho, na sekunde ya mwisho anainuka na kukupigia bawa juu ya utosi. Wenyeji hunyanyua fimbo juu ya kichwa, ndege akaishambulia fimbo. Wifi hakuwa na fimbo, akanyanyua chupa ya maji. Ikatosha.

Tulifika ukingoni tumechelewa na tumechangamka, hali mbaya kuliko zote za kufikia mahali kama pale. Mtu ambaye hajafika na apige picha hii. Unatembea juu ya uwanda wa vichaka vifupi visivyofika magotini, ardhi inadunda kama godoro, na mbele yako unaona kichwa cha nguzo ya mawe, kama mtu aliyesimama nyuma ya kilima. Unadhani ni rundo la mawe tu. Unasogea, anaongezeka. Mabega, kiuno, mapaja, na bado hujaona miguu, mpaka ardhi inakuishia, na unakuta amesimama peke yake baharini, mita 137 kutoka nyayo hadi utosi, mwekundu, na povu jeupe likizunguka miguu yake bila sauti. Sauti hukawia kufika juu.

Miguu yake huwezi kuiona mpaka usogee mno. Hapo ndipo penye kazi yenu yote, waheshimiwa. Mahali pale pamejipanga kana kwamba panamwita mtu: hatua moja zaidi, utaona zaidi kidogo.

Binamu alisogea. Upepo ulikuwa unatoka baharini, wa magharibi, umesimama imara kama ukuta, naye akaufanya mchezo ambao nimeona watu wazima kumi wakiufanya: akautegemea. Akaegemeza kifua chake juu yake, mikono ameitandaza, simu mkononi, anacheka. Kisha upepo ukakatika. Haukupungua polepole, ulikatika, kama mtu aliyefungua mlango ambao mwenzake ameuegemea. Binamu akaenda mbele hatua mbili za kupepesuka. Nilikuwa nyuma yake, nikaudaka mkanda wa begi lake. Bizimu ya plastiki ya mkanda ikaniingia kiganjani, ikaacha alama ya mraba iliyokaa siku nne. Kati ya kidole cha kiatu chake na mwisho wa nyasi nilipaona pakavu, pana kama sahani.

Hakuna aliyepiga kelele. Tulirudi nyuma kwa magoti, tukaketi, na wifi akaanza kuchambua mbegu za nyasi kwenye soksi zake moja moja, kama kazi aliyopewa na mtu.

Kisha nikatazama saa. Tulianza kukimbia. Kwenye mteremko wa kurudi Rackwick wifi akateguka kifundo cha mguu, na boti ya mwisho tuliiona kwa mgongo wake, imeshafika katikati ya maji. Mama mmoja wa karibu na gati alitufungulia mlango kabla hatujabisha, akatuwekea chai, akasema hatukuwa wa kwanza mwezi ule. Aliyasema hayo bila kutusuta, kama mtu anayeeleza kupwa na kujaa kwa maji.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonikaa. Niliitafakari nikagundua kwamba ukingoni sisi tulifika tu. Kilichotufikisha vibaya kilitokea Moaness, asubuhi, tulipopiga hesabu ya siku kwa namba isiyo yake. Mtu mwenye haraka hasubiri wenzake watoke mbele ya picha, anapita pembeni. Hakai chini kwanza aone upepo unavyokwenda na kurudi. Hakanyagi njia inapozunguka tope, anakata moja kwa moja. Methali ya haraka na baraka sote twaijua, siirudii. Nasema tu kwamba mahali pale haraka ina kipimo cha mita.

Sasa upepo. Kule nilikokulia upepo una kalenda. Kuna kusi na kuna kaskazi, na babu zetu walipanga safari, ndoa na madeni kwa kuzifuata. Hapa kwenu upepo hauna msimu wa kuondoka, una msimu wa kuzidi tu. Wazee ninaowahudumia bado wanasimulia dhoruba ya Januari 1952, jinsi mabanda ya kuku yalivyopeperushwa mpaka baharini, kuku wakiwa ndani. Mmoja wao hunipima kila niendapo Hoy. "Unatoka wapi leo?" anauliza, akimaanisha upepo, siyo mimi. Nisipojua, ananikataza kwenda.

Ni swali la busara kuliko namba yoyote ya utabiri. Magenge ya Mzee yanatazama magharibi. Upepo wa magharibi unakuja kwa kishindo, unagonga uso wa mwamba, haupati pa kwenda, unapanda. Ndiyo maana siku hizo unaona maji ya kijito kinachomwagikia genge yakirudi juu kama moshi, yakakunyeshea kutoka chini. Unatisha, lakini unakusukuma uelekee bara. Hatari yake ni ile iliyompata binamu, ya kukatika ghafla, na ya utulivu wa kinafiki ulioko hatua chache ndani ya ukingo, pale hewa iliyopanda inapokuruka kichwa. Mtu hukaa hapo akadhani upepo umekwisha.

Upepo wa mashariki, ambao mabaharia wa kwetu wangeuita matlai, hauna kishindo hicho. Umeshapita juu ya vilima, bahari chini ya genge imetulia, jua pengine linawaka. Huo ndio unaokusukuma mgongoni kuelekea tupu. Mgeni anaogopa siku ya magharibi na kujiachia siku ya mashariki, na hana wa kumwambia kwamba amegeuza.

Kipo pia kile kiwango cha Beaufort, kilichobuniwa mwaka 1805 na ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, ambacho bado tunakisikia katika taarifa za bahari. Daraja la 8, yaani kilomita 62 hadi 74 kwa saa, linaelezwa kwamba matawi madogo hukatika mitini na kutembea kunakuwa kugumu. Miti? Hoy ina msitu mdogo wa Berriedale, ulio kaskazini kuliko misitu yote ya asili ya Uingereza, umejificha kwenye korongo kama mtu anayedaiwa. Ukitoka hapo hakuna tawi la kukupa ishara. Na wachache wanajua kwamba upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma haiongezeki mara mbili bali mara nne. Aliyetembea vizuri kwenye upepo wa kilomita 35 anadhani wa 70 atauweza kwa kujikaza kidogo. Mwili hauna hesabu hiyo mpaka uionje.

Nimesema msijenge uzio, na najua kuna watakaonishangaa baada ya kisa nilichosimulia. Penye magenge popote, ajali ikitokea, neno la kwanza ni uzio. Tazameni lakini mtaufunga kwenye nini. Mawe ya Hoy ni mawe ya mchanga, yamelala tabaka juu ya tabaka, na yamepasuka wima. Bahari inakula chini, maji ya mvua yanaingia kwenye nyufa kutoka juu, na pande linaondoka lote kwa mkupuo mmoja, likiacha nyasi zimening'inia hewani kama ukingo wa mkeka uliotokeza nje ya kitanda. Ukisimama juu ya nyasi hizo huwezi kujua kwamba chini hamna kitu. Nguzo ya uzio ni tundu jingine la kupitisha maji.

Mzee mwenyewe ni ushahidi. Kwenye ramani za kabla ya katikati ya karne ya 18 hayumo, pale pana rasi tu. Msanii William Daniell alipomchora mwaka 1817 alikuwa na miguu miwili na tao katikati, ikaja dhoruba ikauchukua mguu mmoja. Huyu tunayemwendea kwa heshima ana umri wa miaka mia mbili na kitu, anasimama kwa mguu mmoja juu ya jiwe gumu la basalti, na ufa anao. Ipo siku ataketi. Mahali penye mwenendo huo, uzio unaojengwa mwaka huu utakuwa baada ya muda uko ng'ambo ya ukingo. Na wakati ungali umesimama utawaambia watu uongo: kwamba unapoishia, hatari imeishia.

Nami nakiri sababu nyingine isiyo ya kihandisi. Nimempeleka pale, kwa maneno tu, mzee mmoja asiyeweza tena kutoka kitandani. Yeye aliona kwa macho yake siku zile za Julai 1967, BBC walipoleta vifaa vyao mpaka ukingoni na kuonyesha moja kwa moja wapandaji wakimkwea Mzee, mwaka mmoja baada ya Chris Bonington, Rusty Baillie na Tom Patey kumkwea kwa mara ya kwanza. Bonington alirudi mwaka 2014, na miaka 80 mgongoni, akapanda tena. Mwaka mmoja kabla yake alipanda Red Széll, mtu asiyeona. Nilipomsimulia mgonjwa wangu hilo la pili, alinyamaza, kisha akasema, "Basi yeye alimuona vizuri kuliko sisi." Mahali pa namna hiyo sitaki nipaone kupitia waya.

Sheria yenu nayo inanielewa. Sheria ya Mageuzi ya Ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 ilimpa kila mtu haki ya kupita kwa miguu karibu kila mahali, tajiri na maskini, mwenyeji na mimi. Haki hiyo inakwenda pamoja na wajibu wa mtu kujichunga mwenyewe, kuwaheshimu wengine na kuyatunza mazingira. Nilipoisoma mara ya kwanza sikuamini. Nilimuuliza mwenzangu kazini kama kweli sihitaji kibali cha mtu. Lakini mtu hujichunga kwa anachokijua. Mkitaka abebe wajibu, mpeni habari ya siku hiyo, si ya mwaka mzima.

Sasa niuchore ubao wenyewe. Ukae Moaness, pale abiria wanaposhuka, usikae Rackwick ambako uamuzi umeshafanyika. Uwe na mistari michache. Upepo: unatoka wapi, na kwa maneno ya wazi unasukuma kuelekea bara au kuelekea baharini, na kasi yake inapovuma kwa vipindi, siyo wastani tu. Boti ya mwisho: saa ngapi. Halafu mstari ninaouombea kuliko mingine, uandikwe kwa chaki ya rangi tofauti: saa ya kugeuka. Yaani saa ambayo mtu, popote alipo, hata kama amebakiza hatua mia amuone Mzee, anatakiwa ampe kisogo.

Hesabu yake si ngumu. Kutoka ukingoni hadi Rackwick ni kilomita nne na nusu, kutoka Rackwick hadi Moaness ni kama 7. Kwa mwendo wa mtu wa kawaida, na vilima vyenu, ni saa tatu na nusu. Ongezeni nusu saa ya miguu iliyochoka. Boti ikiondoka saa kumi na mbili jioni, saa ya kugeuka ni saa nane mchana. Mtu akiisoma asubuhi gatini, ataona mara moja kama siku yake inatosha, na kama haitoshi atakwenda Rackwick tu, akae ufukweni kwenye yale mawe ya mviringo makubwa kama matikiti, na mchanga wa waridi, na arudi amefurahi. Mabaharia wa kwetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hawakusema saa ngapi, kwa sababu wao waliangalia maji. Sisi tunaangalia karatasi ya watalii.

Msiifanye namba moja ya msimu mzima. Juni mna mwanga wa saa 18, mtu akichelewa atalala kwenye ile nyumba ya mawe yenye paa la nyasi pale Rackwick, iliyoachwa wazi kwa wapita njia, na atapata hadithi. Desemba mwanga ni saa 6, na mtu huyohuyo atakuwa gizani magengeni. Chini kabisa andikeni namba 999 na neno moja kwamba aombe Walinzi wa Pwani, maana mgeni aliye taabani huomba polisi, au hunipigia mimi. Simu yangu siku ile, nawaambia ukweli, haikushika mtandao.

Mtauliza nani aandike kila asubuhi. Boti haiondoki bila nahodha kujua upepo. Mtu huyo habari anazo tayari kichwani. Ninachoomba ni dakika tatu za mtu mmoja nchi kavu kuzihamishia ubaoni. Visiwa vyenu vimezoea kazi za namna hii. Kisiwa cha watu wapatao 400 kisingeishi bila watu kupeana zamu.

Nina dogo lingine, la njia yenyewe. Kuna sehemu kwenye uwanda wa juu ambapo mboji nyeusi inafyonza mvua mpaka inakuwa uji. Watu wanalikwepa tope, kila mmoja upande wake, na njia iliyokuwa ya mtu mmoja imekuwa pana kama barabara ya gari. Waendako kulikwepa ndiko waliko bonxie. Ndege hawa mnajua yaliyowapata. Zaidi ya nusu ya skua wakubwa wa dunia nzima huzalia Uingereza, hasa visiwa vya kaskazini, na homa ya ndege iliyopita hapa, ikiwa mbaya zaidi mwaka 2022, iliwafyeka: maeneo ya Uingereza yaliyohesabiwa tena yalikuta wamepungua kwa asilimia 76. Nilikuwako mwaka ule. Niliwaona wamelala kwenye vichaka mabawa wazi, kama nguo zilizoanguka kutoka kamba. Waliobaki wamezoea kututimua, na sasa nikitimuliwa nafurahi. Mita chache za mbao za kukanyagia pale penye uji zitamrudisha mtu njiani kuliko mabango kumi ya kumkataza kutoka njiani. Kiatu chake kitamshawishi.

Na kule mwisho, kwenye zile hatua mia mbili ambapo vinjia vimetawanyika kama vidole kila kimoja kikikimbilia ukingo wake, acheni viwili vitatu vya mbele kabisa viote majani. Rudisheni mstari wa mawe ya alama nyuma kidogo, na muusogeze kila genge linaposogea. Mzee anaonekana vizuri kutoka upande, pale ardhi inapopinda, salama na bila kuchungulia. Wapiga picha wazoefu ndiko wanakokaa. Mgeni haendi huko kwa sababu hakuna kinjia kinachomwelekeza. Mfyekeeni kimoja.

Binamu amenipigia wiki iliyopita. Wanataka kurudi Mei ijayo, na safari hii wifi ana fimbo, ameniahidi. Ameniuliza nimkatie tiketi za boti ipi. Nimemwambia asubiri nimpe jibu, kwa kuwa nina barua ninaiandika.

Ubao ninao. Ni wa darasani, wa zamani, umekaa kwenye banda la nyuma ya nyumba ninayopanga, na mwenye nyumba amesema nikiutaka nichukue. Una upana wa mikono yangu miwili na ufa kwenye kona moja. Nikiuvusha kwa boti ya kwanza Jumamosi, nahitaji tu mtu wa kuniambia niuegemeze ukuta gani, usiopigwa na mvua ya magharibi. Chaki nitanunua mimi.

Wenu,
Mhudumu wa zamu ya usiku, Stromness